Wamaori Walivyoongezeka, na Watoto Niliowakataa

Kuna Jumapili moja ya mwezi wa kumi na mbili ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka arusi yangu. Kwenye arusi nilikuwa ninaogopa tu. Jumapili ile nilikuwa na furaha mbaya, na furaha mbaya haisahauliki.

Mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la nne kule Fizi, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, kwa hiyo usinitafutie maneno ya vitabuni. Nitakueleza mambo yalivyokuwa. Na nitajisema mwenyewe kabla wewe hujanisema.

Aliyeniamshia habari hii ni mjukuu wangu Neema. Juzi alikuwa hapa mezani kwangu, Johannesburg, anafanya kazi ya shule juu ya Wamaori, wale wenyeji wa New Zealand, visiwa vya mbali ambako sijui hata ndege inafikaje bila kuchoka. Anasoma kwenye simu, ananitafsiria: walikuwa wengi, wazungu walipofika wakapungua mpaka wakabaki chini ya nusu, watu wakasema hawa sasa wanakwisha, halafu wakaanza kuongezeka, na leo wamepita mara nyingi idadi waliyokuwa nayo mwanzo.

"Gogo, wewe ulishawasikia hawa?" akaniuliza. Wajukuu wameniita Gogo, yaani bibi, tangu walipojua kusema, kwa sababu wamezaliwa huku na Kizulu ndicho kilichowafikia kwanza mdomoni.

"Ninawajua. Na ninawaonea wivu."

"Eish, Gogo! Unawaonea wivu watu wa New Zealand?"

Akacheka sana. Mimi sikucheka.

Sikiliza sasa. Nilikuwa sijafika miaka thelathini. Sisi Wabembe, watu wa Fizi, tulikuwa wachache hapa mjini, tumekuja mmoja mmoja, wengine kwa basi, wengine kwa miguu na lori, safari ambayo mpaka leo hawapendi kuisimulia. Tulisali katikati ya mji, kwenye jengo la zamani lililokuwa ofisi za watu, ghorofa ya pili. Mzee wetu alikuwa Mzee Wilondja, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Siku moja baada ya sala akasimama akasema: "Kwetu vita vinatumaliza. Hapa mji unatumeza. Nataka kujua tuko nani."

Wamama wakanung'unika. Kwetu mtoto hahesabiwi. Ukimnyooshea kidole useme mmoja, wawili, watatu, ni kama unamwonyesha kifo njia. Mama mmoja akasema waziwazi: "Mzee, wangu hutawahesabu."

"Nani amesema tuhesabu?" akajibu. "Tunaandika majina. Kila nyumba ukurasa wake. Mwisho wa mwaka tutayasoma mbele ya Mungu, kila mtu asimame kwa jina lake. Namba waachie wenye serikali."

Daftari nikapewa mimi. Hati yangu ilikuwa nzuri, na nilikuwa fundi wa kushona, watu wote walipita kwangu kuleta vitambaa. Mzee akanikabidhi akasema: "Sifa, usimwache mtu."

Sifa ndilo jina langu. Nalo ndilo lililokuwa kidonda changu. Rafiki zangu wote wa umri ule walishaacha majina yao, wanaitwa Mama Furaha, Mama Bahati, Mama Amani. Mimi nilikuwa bado Sifa. Mimba tatu zilinitoka, moja njiani tulipokuwa tunakuja, mbili hapahapa. Mume wangu hakunisema hata neno, na hilo liliniuma kuliko kusemwa. Basi kila aliyeleta kitambaa akisema, "Nishonee gauni la mtoto," mimi ninapima mabega ya mtoto wa mwenzangu huku tumbo langu linalia.

Sasa nilikuwa na mdogo wangu, Asukulu, mtoto wa mama yangu, wa pekee aliyebaki. Alikuwa mlinzi kwenye maduka, anaishi Diepsloot, kule kaskazini, na mwanamke wa huku aitwaye Thandeka. Thandeka alikuwa na kibanda cha kukaangia magwinya, yale maandazi makubwa ya hapa, na alikuwa na mikono minene, kicheko kinene, na watoto watatu. Watatu, mwanangu, mfululizo, kama mtu anayechuma maharage. Wa kwanza msichana, Nomsa, halafu wengine wawili. Akiwa na mimba ya tatu alikuja kwangu nimshonee nguo pana, akakaa kwenye kiti changu, akashika kiuno akasema, "Sisi," yaani dada kwa lugha ya huku, "huyu ananichosha, ningekugawia." Alisema kwa utani. Nilimpima kiuno nikamwandikia namba ndogo makusudi. Nguo ikambana. Umeona mtu niliyekuwa?

Kikulacho ki nguoni mwako. Wivu hausimami nje ya mlango na kupiga hodi, unakuta umeshauvaa.

Kwenye ukoo wetu kuna jambo ambalo vijana wa huku hamlijui. Mtoto wa kaka haingii kwenye ukoo mpaka shangazi yake ampokee. Baba anaweza kumpenda, mama anaweza kumnyonyesha, lakini ni shangazi anayempakata mara ya kwanza mbele ya watu, anamwita kwa jina la mmoja wa waliotutangulia, anamwambia: wewe ni wetu. Bila hivyo mtoto ni mgeni kwenye nyumba ya baba yake. Na shangazi pekee Asukulu aliyekuwa naye wa kuwapokea wanawe ni mimi.

Alikuja mara ya kwanza Nomsa alipozaliwa. Nikamwambia nina kazi nyingi. Alikuja tena kwa wa pili. Nikamwambia kwanza aende akamalize mambo ya ndoa na wazazi wa mwanamke, ndipo tuzungumze. Kwa wa tatu alikuja na mfuko wa magwinya ya moto, akaketi chini kama tulivyokuwa tukikaa kwetu tukiwa wadogo, akasema: "Yaya, nimekukosea nini?"

Yaya ni dada mkubwa. Alikuwa hajaniita hivyo tangu tuvuke mpaka.

"Hujanikosea. Mama yao si wetu. Watasema Kizulu, watakwenda kwa wajomba zao. Nitaita majina ya marehemu wetu, niwape watu ambao kesho hawatawajua?"

"Watajua kama utawaambia."

"Nenda, Asukulu. Nitafikiri."

Sikufikiri. Nilikula magwinya yote baada ya kuondoka kwake, na yalikuwa matamu, na hilo nalo likaniudhi.

Basi ikafika Jumapili ile. Ukumbi umejaa, wamama wamevaa vitenge, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Mzee Wilondja akaniita mbele na daftari langu. Nikaanza kusoma. Nikisoma nyumba, baba anasimama, mama anasimama, watoto wanasimama, watu wanapiga makofi. Kuna familia iliyosimama watu tisa, ukumbi ukapiga vigelegele.

Asukulu alikuwa mstari wa nne. Alikuwa amewavalisha wote kitambaa cha aina moja, cha kijani, na hawakunipa mimi nikishone. Walishonesha kwa fundi mwingine. Thandeka alikuwa amembeba mdogo, wa pili amekaa kwenye magoti ya baba yake, na Nomsa, miaka saba, amekaa mbele kabisa ya kiti, miguu imeshaanza kujiandaa kusimama.

Nikasoma: "Asukulu."

Jina hilo moja tu ndilo nililoandika. Nikafungua ukurasa mwingine.

Alisimama mdogo wangu. Alimweka mtoto kwenye kiti, akasimama peke yake katikati ya mstari, na watu wakapiga makofi machache, yale ya mtu asiyeelewa. Nomsa naye alikuwa ameshainuka nusu. Akamtazama baba yake, akasema kwa sauti ya mtoto asiyejua kunong'ona: "Baba, na mimi?"

Asukulu aligeuza kichwa. Alinitazama mimi. Ndipo furaha ile niliyokuambia ikanipanda kifuani, mwanangu, nikaiona tamu, kama mtu aliyemaliza kulipiza. Leo hii wao ndio wanaokosa, nikajisemea. Leo na wao wajue.

Thandeka hakujua maneno yote, lakini kitendo alikielewa. Alikusanya watoto wake. Alipopita mbele yangu alisimama, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kila mtu akasikia: "Sisi, kwetu hata ng'ombe aliyezaliwa jana anajulikana zizi lake." Akatoka. Mdogo wangu akatoka nyuma yake.

Mzee Wilondja alilichukua daftari mikononi mwangu bila kunitazama. Akasoma kurasa zilizobaki mwenyewe.

Siku ile alikuwepo pia mama mmoja mgeni, tukimwita Mama Mere. Nywele nyeupe, mwili mpana, rangi ya kahawa yenye maziwa. Alikuwa ameolewa na mtu wa Afrika Kusini, na kila Jumatano alitufundisha Kiingereza sisi wamama kwenye ukumbi uleule. Yeye mwenyewe alikuwa Mmaori. Tulilijua hilo kama tunavyojua jina la duka, bila kuuliza maana yake.

Jumatano iliyofuata sikwenda darasani. Akaja yeye. Alipanda ngazi zote mpaka chumba changu cha kushonea, akapumua kwanza, akaketi kwenye kiti kilekile cha Thandeka. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, lakini alisema polepole, kama mtu anayemwaga dawa kwenye kijiko.

"Wale watoto wenye nguo za kijani ni wa nani?"

"Wa mdogo wangu."

"Mbona hawakusimama?"

Nikamweleza. Mama yao, lugha yao, wajomba zao. Nilitoa sababu nyingi. Mwenye sababu moja ya kweli hahitaji nyingi.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia habari za kwao. Kwamba zilipofika bunduki waliuana wao kwa wao, yakaja magonjwa ambayo miili yao haikuyazoea, ardhi ikachukuliwa, vijiji vikabaki na wazee. Kwamba bibi yake alizaliwa wakati wenye elimu wameshakubaliana kuwa Wamaori ni watu wa kuhesabiwa siku. Bibi huyo alizika ndugu zake akiwa bado msichana.

"Lakini wewe uko hapa," nikasema.

"Niko hapa. Na kwetu tumeongezeka, na tunaendelea kuongezeka."

Hapo wivu ukanichoma upya. Nikafikiria kwetu, vijiji vilivyobaki mawe ya jikoni tu. Watu wa mwenzangu walizikwa wakafufuka, wangu wanazikwa tu.

"Mliongezekaje?"

"Miili ilizoea yale magonjwa. Tukazaa sana, watoto wakaanza kuishi." Akavuta kiti karibu. "Na kuna lingine. Baba wa mama yangu alikuwa mzungu kutoka Scotland. Serikali ilikuwa inapima damu: ukiwa nusu wewe ni Mmaori, ukipungua nusu wewe si Mmaori. Bibi yangu hakuwa na kipimo hicho nyumbani. Akiletewa mtoto, mweupe, mweusi, mwenye nywele nyekundu, aliuliza swali moja tu: babu yake ni nani? Akitajiwa babu, anampakata. Baadaye hata serikali iliacha kupima damu, ikaanza kuuliza kama bibi yangu."

Mimi nilikuwa ninageuza kitambaa mikononi, sitaki kumtazama.

"Sifa," akasema, "sisi tulipunguzwa na bunduki. Wewe umewapunguza watu wako kwa kalamu."

Nilikasirika, mwanangu. Ukweli ukiletwa na mgeni unakera mara mbili. Nikamwuliza: "Wewe una wajukuu wangapi?"

"Tisa."

"Ndiyo maana unaweza kusema."

Nilidhani atanyanyuka aondoke. Hakuondoka. Alishika mkono wangu wenye sindano, akasema: "Basi ndilo hilo. Una wivu. Kuwa nao, hakuna anayekukataza, hata mimi niliwahi kuwa nao. Ulilie hapa chumbani, ufunge mlango. Lakini usiuandike kwenye daftari la watu wote."

Ningependa kukuambia kwamba kesho yake nilipanda teksi nikaenda Diepsloot. Sikwenda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu lilichelewa tu kuvunjika. Nilikaa zaidi ya mwaka. Nilikwenda lini? Nilikwenda mimba yangu ya nne ilipofika mwezi wa sita na daktari kusema sasa imeshika. Nilipoona nimeshapata changu, ndipo nikawa mkarimu. Hiyo ndiyo aibu yangu hasa, kubwa kuliko ile ya ukumbini. Ile ya ukumbini ilikuwa hasira. Hii ilikuwa hesabu.

Nilimkuta Thandeka kwenye kibanda chake, mafuta yanachemka. Aliniangalia tumbo kwanza, uso baadaye.

"Umekuja kwa sababu umeshiba," akasema. "Ulipokuwa na njaa hukutaka hata kuwaona wangu wakila."

Nikapiga magoti pale kwenye vumbi, na tumbo langu, wateja wakanitazama. Asukulu akatoka ndani, akaninyanyua, akasema, "Yaya, inuka, watu watafikiri tunakudai." Alikuwa amekonda. Akatuingiza ndani.

Nilimpakata wa mwisho, nikampa jina la baba yetu. Nikampakata wa pili, nikampa la mjomba aliyetulea. Thandeka alikuwa amesimama mlangoni na kijiko cha mafuta mkononi. Nikamgeukia Nomsa. Jina nililomletea lilikuwa la mama yangu, jina kubwa kuliko yote niliyokuwa nayo. Miaka minane na kitu, msichana mwembamba, amejibana ukutani.

"Njoo, mwanangu."

"Mimi nina jina," akasema kwa Kizulu. "Nilipewa na bibi yangu."

Baba yake akamsihi. Nikamwambia amwache. Mtoto aliyesimama nusu mbele ya watu, akakalishwa, huwezi kumsimamisha kwa nguvu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Miaka imepita. Asukulu alishatangulia, Mungu amlaze pema. Wale wawili wadogo ni wangu, wanakuja, wananisumbua, mmoja amenivunjia televisheni. Mimi nilimpata Riziki, mama yake Neema, na baada yake sikupata mwingine. Daftari lina kurasa nyingi sasa, linaandikwa na wengine.

Na Nomsa ni mama wa watoto wanne. Ni mtu mwema, ana kazi yake, ana adabu. Kila Krismasi ananiletea zawadi, anakaa kwenye ncha ya kiti, ananiamkia kama unavyomwamkia mama yeyote uliyemkuta kwenye robot, zile taa za barabarani, mkisubiri kuvuka. Mwaka jana alikuja na watoto. Wanne wote, mwanangu, na mmoja ana uso wa mama yangu, paji lilelile, kidevu kilekile. Nilitamani kumla kwa mabusu. Akamwuliza mama yake kwa Kizulu, wakidhani sisikii: "Huyu gogo ni nani?"

Nomsa akamjibu bila ubaya wowote: "Ni mtu aliyemjua babu yako."

Ndiyo maana Neema aliposoma habari za Wamaori sikucheka. Anasema maelfu yao sasa wanaishi Australia, wameoana na kila taifa, na bado ukiwauliza wanataja babu. Nami hapa nina mtoto mwenye uso wa mama yangu, na siruhusiwi kumwita. Watu wa mbali vile bado wanao watu wao wote mpaka ng'ambo ya bahari, mimi nimewapoteza wa Diepsloot, mwendo wa teksi moja. Ningekosaje kuwaonea wivu?

Basi haya ndiyo ninayokuachia. Kabila halimalizwi na vita peke yake. Linamalizwa pia na shangazi mwenye moyo mdogo. Akija mtoto wa ndugu yako, usiangalie rangi ya mama yake wala lugha ya mdomoni mwake. Lugha hufundishwa. Mpokee siku hiyohiyo, usingoje moyo wako upoe, maana moyo wenye wivu haupoi kwa kungojwa. Na kama tumbo lako ni tupu na mwenzako anazaa, lia. Lia sana. Kisha nawa uso, uende ukampakate mtoto wake hivyohivyo ukiwa na njaa, kwa sababu ukingoja mpaka ushibe, atakuwa ameshajifunza kukaa bila wewe. Na usimwambie mtoto kuwa yeye ni nusu. Mtu hazaliwi nusu, tunamkata sisi.

Nenda sasa, mwanangu, nami nakutemea mate ya baraka kama nilivyotemewa. Nyumba yako ipate watu wa kila sura, na wote wajue kukuita kwa namna mnavyohusiana. Mungu asikunyime watoto. Na akikunyima, asikunyime mikono ya kuwapokea wa wenzako. Uzeekee katikati ya kelele zao.